Nani Kasema Moyo Hauna Akili?

Katika Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare, Bassanio amesimama mbele ya visanduku vitatu: cha dhahabu, cha fedha na cha madini ya risasi. Akifungua chenye picha ya Portia, amepata mke, jumba na mali. Akikosea, kiapo kinamfunga asioe maisha yake yote. Portia yupo palepale, anampenda, anajua jibu, na haruhusiwi kusema neno. Baba yake aliacha wosia kwamba binti ataolewa na atakayefumbua fumbo la visanduku, na binti ameapa kuutii wosia huo. Basi anaagiza muziki. Wimbo unaanza kwa swali: mapenzi huzaliwa wapi, moyoni au kichwani?

Ni wimbo wa dakika moja tu. Lakini mistari yake mitatu ya kwanza, katika Kiingereza chake Shakespeare, inaishia kwa sauti ileile ya neno la Kiingereza la risasi, lead. Wimbo unaendelea kuonya kwamba mapenzi yanayozaliwa machoni hufa yakiwa bado kwenye susu, maana yake mng'aro usikudanganye. Bassanio anasikiliza, anaanza kuwaza kuhusu mapambo yanavyolaghai watu, anaacha dhahabu, anaacha fedha, anafungua cha risasi. Mwana wa mfalme wa Moroko alipokuja kuchagua hakuimbiwa. Yule wa Aragon naye hakuimbiwa.

Wasomi wamebishana muda mrefu kama Portia alimpa mchumba wake ishara. Mimi naamini alimpa. Hakuvunja kiapo, maana hakumwambia lolote. Aliimbisha wimbo. Moyo wake ulishachagua tangu zamani, na akili yake ikatafuta upenyo ndani ya wosia wa marehemu baba yake bila kuuchana. Sasa wimbo wenyewe unauliza, moyoni au kichwani? Jibu limesimama pembeni ya visanduku, limenyamaza, linangoja.

Swali la wimbo huo ndilo tunalowauliza wanawake wote wa tamthilia kongwe, na mara nyingi tunajijibu kabla hawajafungua mdomo. Nakumbuka nikiwa kidato cha tano, mwalimu alichora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja akaandika AKILI, upande wa pili HISIA. Akatutaka tuwapange wahusika. Portia, kwa sababu ya hotuba yake mahakamani, tulimweka kwenye akili. Medea hisia. Juliet hisia. Wanaume karibu wote akili, hata wale waliofanya mambo ya kipumbavu waziwazi. Niliuamini ubao ule kwa miaka mingi, mpaka nilipoanza kusoma tamthilia hizo taratibu na kujiuliza jambo jepesi: ni nani, ndani ya mchezo wenyewe, anayesema kwamba mwanamke huyu anatawaliwa na hisia? Na akishasema hivyo, anapata nini?

Lugha yetu ingetuepusha na mstari ule kama tungeisikiliza. Katika hadithi zetu mtu huwaza moyoni. Anasema moyoni mwake. Anayekariri shairi hulihifadhi kwa moyo, aliyeazimia jambo ametia nia moyoni, na anayesita tunasema moyo wake hautaki. Kichwa kina kazi zake, lakini mashauri mazito ya maisha Mswahili huyapeleka moyoni, na huko ndiko yanakopimwa. Nitalirudia jambo hili nikifika kwa Medea, kwa sababu linafungua mlango ambao tafsiri nyingi zimeufunga.

Euripides aliuweka mchezo wake wa Medea jukwaani Athens mwaka 431 kabla ya Kristo. Watunzi walioshindana walikuwa watatu, naye akashika nafasi ya tatu. Medea ni mgeni kutoka Kolkhis aliyemsaidia Jason kuipata ngozi ya dhahabu, akamsaliti baba yake, akamuua ndugu yake, akamfuata mume hadi Ugiriki na kumzalia watoto wawili wa kiume. Sasa wako Korintho, na Jason anamwoa binti wa mfalme. Medea atamuua bibi harusi kwa nguo yenye sumu, mfalme atakufa akimkumbatia binti yake, na mwisho atawachinja wanawe mwenyewe. Hasira hasara, tungesema, na kufunga kitabu.

Lakini kabla hayo hayajatokea, tumsikilize Jason anavyojitetea. Anazungumza kama mtu anayesoma mizania. Ndoa hii mpya, anasema, haikutokana na tamaa. Ni mpango wa kuinua nyumba: watoto wetu watapata ndugu wa kifalme, hatutakuwa maskini, na marafiki hawatatukimbia. Wewe mwenyewe ungeliona hilo kama wivu wa kitanda usingekusumbua. Ninyi wanawake, anaongeza, kitanda kikiwa salama mnaona mambo yote yamenyooka.

Kisha anafika kwenye deni. Medea amemkumbusha kwamba ndiye aliyemwokoa na mafahali wanaotema moto na joka lisilolala. Jason hakatai kwamba aliokolewa. Anasema tu kwamba aliyemwokoa ni Afrodite, mungu wa kike wa mapenzi. Mwanawe Eros ndiye aliyemlazimisha Medea kwa mishale isiyokwepeka, kwa hiyo shukrani ziende huko.

Hapo ndipo nilipouelewa ubao wa mwalimu wangu. Medea alitoa ujuzi wa dawa, mipango, ujasiri na nchi yake. Yote hayo Jason anayabadilisha jina na kuyaita mapenzi, na mapenzi anayaita nguvu inayompata mtu kama homa. Na nani anamlipa mgonjwa kwa sababu alipatwa na homa? Kumwambia mwanamke kwamba alifanya yale kwa sababu ya hisia ni kumfutia deni analodai. Jason ana faida kubwa katika mstari ule wa katikati ya ubao.

Jibu la Medea ni la mtu mwenye kichwa kilichotulia kabisa. Kama ungekuwa mkweli, anamwambia, ungenishawishi kwanza ndipo uoe, usingefanya kwa siri. Mpango ukiwa wa manufaa ya nyumba nzima, mwenye nyumba mwenzako huambiwa. Sentensi hiyo moja inaiangusha hotuba yote ya Jason, naye hana la kujibu zaidi ya kusema kwamba ungekasirika tu.

Tazama pia anavyojipanga. Mfalme Kreon anamfukuza nchini akikiri waziwazi kwamba anamwogopa kwa sababu ana akili nyingi. Medea anaomba siku moja tu, akitumia majina ya watoto, na anapewa. Halafu anapita Aegeus, mfalme wa Athens, mwanamume anayetafuta mtoto. Medea anamwomba hifadhi na kumwahidi dawa za uzazi. Aegeus anakubali kwa mdomo. Medea hatosheki. Anataka kiapo, na anamtajia mwenyewe maneno ya kuapa: kwa Ardhi, kwa Jua, kwa miungu yote, na adhabu ikiwa atakivunja. Huyu ni mwanamke aliyewahi kupewa mkono wa kulia na ahadi tamu, akaachwa. Safari hii anaandika mkataba.

Sasa tufike kwenye mstari maarufu. Medea yuko na wanawe kwa mara ya mwisho. Wanamtazama na kutabasamu. Anabadilisha uamuzi, anaurudia, anaubadilisha tena. Anashika mikono yao, anataja ulaini wa ngozi na utamu wa pumzi zao. Mtu aliyewahi kumbeba mtoto aliyelala anajua pumzi hiyo ikoje. Kisha anasema kwamba anajua uovu anaokwenda kuutenda, ila *thumos* yake ina nguvu kuliko *bouleumata* yake.

Kwa karne nyingi watu wamesoma hapo kwamba hasira imeishinda akili. Ukisoma hivyo, Medea amekwisha: hisia zimemtawala, Jason alisema kweli. Lakini neno *bouleumata* Medea amekwisha kulitumia mara mbili katika hotuba hiyohiyo, mistari michache tu kabla, na kote lilikuwa na maana ya mipango yake ya kuua. Kwaherini mipango yangu, alisema alipokuwa amelegea. Ikiwa neno ni lilelile na maana ni ileile, mstari unageuka: thumos yake ndiyo inayoiongoza mipango yake. Haijaishinda akili. Imeikalia kama nahodha akaliavyo usukani.

Na thumos si hasira peke yake. Kwa Wagiriki ni kitu kikaacho kifuani, chenye kutaka, kuona fahari, kujisemesha na kuamua. Sisi tunalo neno lake. Ni moyo. Mfasiri wa Kiswahili angeandika: moyo wangu ndio unaoamuru mipango yangu. Mkazi wa Tanga au Kigoma angeelewa bila maelezo, na angetetemeka zaidi, kwa sababu mama aliyepagawa unaweza kumwonea huruma, lakini mama aliyekaa na moyo wake, akashauriana nao, akaafikiana nao kuwaua wanawe, ni jambo la kutisha kwa kiwango kingine. Simtetei. Damu ya watoto haioshwi na ubaya wa baba. Ninachodai ni kwamba Euripides alitupa mwanamke anayewaza mpaka hatua ya mwisho, na sisi tukamsoma kama tufani.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 428, mtunzi huyohuyo alimpeleka Phaedra jukwaani, mke anayempenda mtoto wa mume wake, na safari hiyo akapata ushindi. Phaedra naye anasimama mbele ya wanawake na kueleza, hatua kwa hatua, jinsi alivyokesha akitafakari kwa nini binadamu hujua lililo jema na wasilitende. Kwanza aliamua kunyamaza. Kunyamaza kuliposhindwa akaamua kujizuia. Kujizuia kuliposhindwa akaamua kufa. Mtu anayedai huyo hawazi, sijui anataka aone nini.

Mtu anaweza kuniambia kwamba walioandika haya yote ni wanaume. Ni kweli. Watunzi walikuwa wanaume, na Athens hata waigizaji wa nafasi za kike walikuwa wanaume waliovaa vinyago. London ya Shakespeare, Portia na Juliet waliigizwa na wavulana, kwani waigizaji wanawake wa Kiingereza hawakupanda majukwaa ya umma huko mpaka 1660. Kwa hiyo sidai kwamba tunasikia sauti za wanawake wa zama hizo. Tunasikia kile ambacho mtunzi mkubwa alikiona alipowatazama wanawake kwa makini, na mara nyingi alichokiona kiliwapita hata mashabiki wake.

Ufaransa ina ushahidi mzuri wa hilo. Mwanzoni mwa 1637, Paris ilishuhudia tamthilia ya Corneille iitwayo Le Cid. Baba yake Chimène amempiga kofi baba yake Rodrigue. Rodrigue anamtaka baba wa mchumba wake kwenye pambano la upanga na kumuua. Chimène anaenda kwa mfalme kudai kichwa cha mtu anayempenda. Kwa yaya wake anakiri kwamba anadai kichwa hicho na anaogopa kupewa. Rodrigue anakuja mbele yake na upanga wenye damu ya baba, akimtaka amuue yeye mwenyewe. Chimène anamjibu kwa hoja ambayo kila nikiisoma husimama kidogo: wewe, kwa kunikosea, umejionyesha kuwa unanistahili, nami, kwa kukuua, lazima nijionyeshe kuwa nakustahili. Angemsamehe papo hapo, angekuwa mwanamke asiyefaa kupendwa na mwanamume aliyeithamini heshima kuliko furaha yake. Mapenzi yenyewe ndiyo yanayomlazimisha ampeleke mahakamani. Ondoa upendo, hoja inaanguka. Ondoa hoja, upendo unakuwa kitu rahisi.

Watazamaji walijaa. Wakosoaji wakawaka moto. Mmoja wao, Scudéry, alimwita Chimène binti asiye na utu wa kibinti. Ugomvi ukafikishwa mbele ya Akademia ya Kifaransa, iliyoanzishwa miaka miwili tu kabla chini ya Kardinali Richelieu, na wasomi wale wakaketi kuamua kama msichana wa kubuniwa ana haki ya kuendelea kumpenda aliyemuua baba yake. Wakaona amevunja adabu. Walichokitaka ni achague upande mmoja wa ubao: ama binti mwenye wajibu bila moyo, ama mpenzi mwenye moyo bila wajibu. Yeye alishika vyote viwili hadi mwisho, na hata mfalme alipoamuru waoane, Chimène hakutamka ndiyo iliyo wazi. Mfalme akalazimika kutoa muda wa mwaka mmoja.

Nirudi kwa Portia, maana nilimwacha kwenye muziki na sehemu yake bora haijafika. Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa jina hilo macho yetu yalielekezwa kwenye fedha: Shylock mkopeshaji, ducat 3,000, ratili ya nyama aliyoiweka rehani Antonio, rafiki yake Bassanio. Ni usomaji wa haki, sina ugomvi nao. Ila umetufanya tumwone Portia kama wakili wa dharura anayeingia mahakamani, anashinda kesi na kutoka. Nami nikiri kitu kingine hapo: Portia anasema, mwana wa mfalme wa Moroko alipokosea, kwamba wote wenye rangi ile wachague vivyo hivyo. Nasoma mstari huo kama Mwafrika na unaniuma. Sitaki kumfanya malaika.

Lakini itazame pete. Bassanio akishafungua kisanduku, Portia anamkabidhi nyumba, watumishi na nafsi yake, na pamoja na hivyo anamvisha pete. Ndani ya maneno hayo matamu kuna sharti: ukiivua, ukiipoteza au ukiigawa, itakuwa dalili ya kufa kwa mapenzi yako, nami nitakuwa na haki ya kukulaumu. Msichana anatetemeka kwa furaha na papo hapo anaweka kifungu cha mkataba. Medea angempigia makofi.

Siku chache baadaye yuko mahakamani, amevaa kama mwanasheria kijana. Anamsikia mumewe akimwambia rafiki yake Antonio kwamba maisha, mke na dunia nzima angevitoa sadaka vyote ili amwokoe. Portia anasema tu, kwa sauti ya mwanasheria, kwamba mke wako asingekushukuru kama angekuwa hapa akakusikia. Halafu anashinda kesi. Anapoulizwa ujira wake, anaomba pete. Bassanio anakataa. Antonio anamsihi: huyu kijana ameniokoa, na mapenzi yangu yapimwe pamoja na amri ya mkeo. Bassanio anaitoa.

Wengi huona sehemu ya pete kama kichekesho cha kuwafurahisha watu baada ya kesi nzito. Kwangu hapo ndipo penye kesi ya Portia mwenyewe. Amegundua kwamba ndani ya ndoa yake kuna mdai mwingine, rafiki aliyekuwa tayari kukatwa nyama kwa ajili ya Bassanio, na deni la namna hiyo haliishi. Afanye nini? Akilia, ataambiwa ni wivu wa kike. Akinyamaza, atabaki wa pili milele. Usiku Belmont, nyumbani kwa Portia, baada ya kumbana Bassanio hadi anakosa maneno, Antonio anajitolea: niliwahi kuweka mwili wangu rehani kwa ajili yake, sasa naweka roho yangu kwamba hatavunja tena ahadi. Portia anamwambia, basi wewe utakuwa mdhamini wake, na anamkabidhi Antonio pete ili Antonio amrudishie Bassanio kwa mkono wake mwenyewe.

Isome tena hiyo. Mtu aliyeisababisha pete itoke ndiye anayeirudisha kidoleni, na kwa kuirudisha anakuwa mdhamini wa ndoa ambayo alikuwa akiipunguza. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyetukanwa. Kila kitu kimefanywa na mwanamke aliyeumia kweli, kwa maana asingeumia asingekuwa na sababu ya kuchukua taabu yote hiyo.

Na Juliet, tuliyemwandika upande wa hisia bila hata kujadili? Hajatimiza miaka 14. Usiku ule kwenye roshani anamuuliza Romeo umeingiaje, kuta ni ndefu, na ndugu zangu wakikuona watakuua. Romeo anajibu kwamba amebebwa na mbawa za mapenzi. Romeo anataka kuapa kwa mwezi, msichana anamkataza, kwa kuwa mwezi una kigeugeu. Anasema wazi kwamba agano lao la usiku ule ni la haraka mno, halijashauriwa, ni kama radi inayokwisha kabla mtu hajasema imemulika. Ni yeye anayelitaja neno ndoa. Ni yeye anayesema atamtuma mtu kesho, na kwamba ajibiwe ni wapi na wakati gani watafungishwa. Anaitwa ndani, anarudi, anaitwa tena, anarudi tena, kwa sababu kuna jambo moja halijakamilika. Nimtume mjumbe saa ngapi?

Saa tatu asubuhi, anajibu Romeo.

Sitakosa, anasema Juliet. Kisha, kwa pumzi hiyohiyo: mpaka hapo ni miaka ishirini.